Ganaiti: Zinki Ilitoka Wapi, au Salfa Ilikwenda Wapi?

Watafutaji wa madini wana kauli wanayoirudia kila mara: penye ganaiti, mbale ya zinki, yaani mwamba wenye zinki ya kutosha kuchimbwa, haiko mbali. Ni kama kusema pafukapo moshi pana moto. Ganaiti ni madini ya zinki, alumini na oksijeni, ya kundi liitwalo spineli; ni ya kijani kilichokoza, mara nyingine ya samawati au nyeusi, ngumu kiasi cha kukwaruza kwatzi (madini ya kawaida ya silika), na makazi yake makuu ni miamba geu, ile ambayo joto na mgandamizo wa chini kabisa ya ardhi vimeipika upya bila kuiyeyusha yote. Kauli hiyo ina ukweli. Isingekuwa nao isingedumu. Lakini imesimama juu ya maelezo ya namna moja tu ya kuzaliwa kwa ganaiti, na wapo wanajiolojia wenye maelezo mengine yasiyo dhaifu hata kidogo. Wa kwanza wanasema ganaiti ni mtoto wa sfaleraiti, madini ya zinki na salfa yanayochimbwa duniani kote. Wa pili wanasema hapana, ganaiti inaweza kuzaliwa katika mwamba ambao haujawahi kuona hata chembe ya sfaleraiti. Nimezipima pande zote mbili kwa muda, na ninaamini kwamba swali wanalogombania, yaani zinki ilitoka wapi, ni gumu kujibika kwa sababu zinki haiachi alama njiani. Salfa huacha.

Kwanza tuijue spineli yenyewe, maana bila umbo lake la ndani mabishano haya hayaeleweki. Katika kundi la spineli, atomu za oksijeni zimepangwa kwa kubanana, na kati yake hubaki nafasi za aina mbili: nafasi ndogo iliyozungukwa na oksijeni nne, na nafasi kubwa zaidi iliyozungukwa na oksijeni sita. Katika chumba kimoja cha fuwele chenye oksijeni 32, nafasi ndogo zinazojazwa ni 8 tu na kubwa ni 16. Katika spineli inayojulikana zaidi, ile ya vito, nafasi ndogo zimekaliwa na magnesi na kubwa na alumini. Weka chuma badala ya magnesi, unapata hersinaiti. Weka zinki, unapata ganaiti. Hizi tatu huchanganyika kwa uhuru, kwa hiyo punje ya ganaiti ya porini karibu daima ina chuma na magnesi kidogo ndani yake. Ganaiti safi kwa asilimia mia ni kitu cha maabara zaidi kuliko cha mlimani. Jina lake linamkumbuka Johan Gottlieb Gahn, mkemia wa Uswidi aliyeishi kuanzia 1745 hadi 1818 na aliyetenga metali ya manganizi mwaka 1774. Madini haya yalipewa jina lake mwaka 1807, kutokana na sampuli za Falun, eneo la migodi ambalo yeye mwenyewe alilifanyia kazi.

Sasa, kwa nini zinki iipende spineli? Hapa pana jambo ambalo kwangu ni zuri kuliko yote katika habari hii. Zinki hupenda kuwa na majirani wanne. Madini mengi ya kawaida yaliyojengwa kwa silika (silikoni na oksijeni), kama biotaiti, ambayo ni mika nyeusi, na garneti, hayana nafasi ya namna hiyo kwa metali kama zinki, kwa kuwa nafasi zao za majirani wanne zimeshikwa na silikoni na alumini. Zinki ikiingia humo hukaa kama mgeni kwenye nafasi za chuma na magnesi, zenye majirani sita au zaidi, na kwa kiasi kidogo. Lakini katika sfaleraiti kila atomu ya zinki imezungukwa na salfa nne. Katika spineli imezungukwa na oksijeni nne. Katika staurolaiti, madini ya kahawia yanayopatikana kwenye shisti (mwamba geu unaopasuka kwa matabaka membamba), iko nafasi ya oksijeni nne inayopokea chuma na zinki bila shida. Basi ukifikiri juu ya zinki katika mwamba unaopashwa joto, unafikiri juu ya mhamaji anayetafuta nyumba ya milango minne, na katika miamba mingi nyumba hizo ni hizi tatu: sfaleraiti, staurolaiti na spineli. Mabishano yote ya ganaiti ni mabishano juu ya njia ipi mhamaji huyu aliipita.

Upande wa kwanza unasema alitoka kwenye salfa. Chukua mbale ya zinki iliyotandazwa kwenye sakafu ya bahari ya kale na maji moto yenye madini. Chini yake na kando yake, maji hayo hayo yameushambulia mwamba: feldispa, madini ya kawaida yenye sodiamu na kalisi, zimeharibiwa, sodiamu na kalisi zimeoshwa, na kilichobaki ni mwamba wenye alumini, magnesi na silika kwa wingi. Ufukie mwamba huo kilomita nyingi, upashe joto nyuzi 600 au 700 za Selsiasi, na alumini iliyobaki itajipanga kuwa silimanaiti, madini ya alumini na silika, na madini mengine ya jamaa yake. Sfaleraiti ikikutana na silimanaiti katika mazingira yenye salfa chache na oksijeni ya kutosha, zinki huiacha salfa, huchukua alumini na oksijeni, na ganaiti inazaliwa pamoja na kwatzi. Salfa huachiliwa.

Tufanye hesabu, kwa sababu hesabu hii inasema mengi. Kilo moja ya sfaleraiti safi ikigeuka yote kwa njia hiyo hula takriban kilo 1.66 za silimanaiti, huzaa takriban kilo 1.88 za ganaiti na gramu 620 za kwatzi, na huachilia takriban gramu 330 za salfa. Angalia kwamba ganaiti na kwatzi hutoka pamoja. Miamba ya kwatzi na ganaiti iliyotapakaa kuzunguka mbale kubwa ya risasi, zinki na fedha ya Broken Hill, Australia, ile aliyoigundua Charles Rasp mwaka 1883, huonekana kama picha ya mlinganyo huo. Miamba ya pale ilipikwa takriban miaka bilioni 1.6 iliyopita, katika joto lililopita nyuzi 700. Mtu anayesimama na sampuli ya mwamba huo mkononi, punje za kijani ndani ya kwatzi, ana haki ya kushawishika.

Mwaka 1986 wanajiolojia Paul Spry na Steven Scott walichapisha uchunguzi uliokuja kuwa nguzo ya upande huu. Walipima uthabiti wa spineli zenye zinki katika mazingira ya salfa, na wakapendekeza zitumike kama viongozi vya kutafutia mbale za salfaidi (madini ya metali na salfa) zilizogeuzwa na joto. Tangu hapo ganaiti imekuwa moja ya madini yanayookotwa kwa makusudi kwenye mchanga wa mito na kwenye mashapo yaliyoachwa na barafu ya kale, hasa katika nchi za kaskazini. Inafaa kwa kazi hiyo: ugumu wake ni kati ya 7.5 na 8, uzito wake ni zaidi ya mara nne ya maji, na haiozi haraka kama sfaleraiti, ambayo hewa na mvua huimaliza mapema. Sfaleraiti husafiri kidogo tu ikapotea. Ganaiti husafiri mbali na bado inasema ilikotoka.

Upande wa pili hauukani mlinganyo huo. Unachosema ni kwamba matokeo yale yale yanaweza kufikiwa bila salfa kuwapo tangu mwanzo. Na ushahidi wake wa kwanza, kwa maoni yangu, haukutoka mlimani hata kidogo. Ulitoka kwenye tanuri. Katika karne ya 19 zinki ilizalishwa Ulaya kwa kuichoma mbale kwanza ili salfa itoke, kisha oksaidi iliyobaki, yaani zinki na oksijeni, ikachanganywa na makaa na kupashwa joto ndani ya vyombo vya udongo wa mfinyanzi hadi zinki ikatoka kama mvuke. Wataalamu wa Ujerumani walipovichunguza vyombo vilivyochakaa, walikuta kuta zake zimegeuka: udongo, ambao kimsingi ni alumini na silika, ulikuwa umekuwa spineli ya zinki na tridimaiti, ambayo ni silika ya joto kali. Ni mlinganyo ule ule wa Broken Hill, isipokuwa salfa ilishaondoka siku nyingi. Zinki ilikutana na alumini na silika bila mtu wa kuizuia, na ganaiti ikaja.

Mlimani pia mifano ipo. Franklin na Sterling Hill, huko New Jersey, Marekani, ni mbale za zinki mashuhuri ambazo karibu hazina salfa. Zinki ya pale imo kwenye franklinaiti, wilemaiti na zinkaiti, yote madini ya oksijeni, ndani ya marumaru iliyopikwa zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Franklinaiti nayo ni ya kundi la spineli, ila chuma chenye chaji tatu kimechukua nafasi ya alumini. Ganaiti imo pia, lakini kwa uchache, na sababu yake iko wazi: marumaru ni maskini wa alumini. Mahali penye zinki tele na alumini haba, zinki hujenga nyumba nyingine. Funzo la Franklin ni kwamba zinki inaweza kukusanyika kwa mamilioni ya tani bila sfaleraiti kuwa mlango wa lazima.

Kisha kuna njia ya staurolaiti, ambayo ni ya kawaida zaidi na haina mvuto wa migodi. Tope la bahari lililogeuka shisti huwa na zinki kidogo, kwa wastani karibu gramu 95 katika kila tani. Wakati wa kupikwa, zinki hiyo hukaa kwenye kloraiti (madini laini ya kijani yenye chuma na magnesi) na biotaiti, kisha staurolaiti ikizaliwa huikusanya nyingi. Joto likiendelea kupanda, staurolaiti huvunjika: hutoa maji, garneti na silimanaiti, na chuma chake hupata pa kwenda. Zinki haina pa kwenda kirahisi. Garneti haiitaki, silimanaiti haiwezi kuipokea. Mwanzoni hujibana kwenye staurolaiti iliyobaki, ikiifanya iwe na zinki zaidi na idumu katika joto ambalo staurolaiti ya chuma isingedumu; mwishoni hata hiyo inashindwa, na punje ndogo za ganaiti huchomoza palepale ilipokuwa. Chini ya hadubini unaziona zimekaa kama mayai ndani ya kiota cha silimanaiti, kiota chenye umbo la staurolaiti iliyokufa. Hakuna salfaidi popote. Hakuna mbale kilomita nyingi kuzunguka.

Je, upande wa pili umeshinda? Bado. Hesabu iliyousaidia upande wa kwanza inarudi tena. Ganaiti safi ina zinki takriban asilimia 36 kwa uzito. Shisti ya kawaida yenye gramu 100 za zinki kwa tani, hata kama zinki yote ingeingia kwenye ganaiti safi, ingezaa gramu 280 tu za ganaiti katika tani nzima, yaani chini ya sehemu tatu katika elfu kumi. Ni punje za kutafuta kwa hadubini. Mwamba wenye ganaiti asilimia tano, kwa upande wake, unadai zinki karibu asilimia 1.8, karibu mara 180 ya shisti ya kawaida. Ganaiti za kweli zina chuma, kwa hiyo namba hizo hubadilika kidogo, lakini si kiasi cha kugeuza hoja. Staurolaiti ya shisti ya kawaida haiwezi kueleza Broken Hill. Anayetaka kuitumia lazima akubali kwamba mwamba ulikuwa umejaa zinki kabla ya kupikwa, na hapo amekwisha kupiga hatua kubwa kuelekea kwa mpinzani wake.

Wengi wa upande wa pili hukubali hatua hiyo. Wanasema ndiyo, maji moto ya bahari ya kale yalileta zinki, lakini si yote iliyoshikwa na salfa. Sehemu yake ilinaswa na udongo wa mfinyanzi na kloraiti na mashapo ya oksaidi za chuma na manganizi. Zilipopikwa, zinki ilipita moja kwa moja kwenda spineli bila kupitia sfaleraiti. Maelezo haya yana nguvu hasa kwa ganaiti inayofuata tabaka moja kwa umbali mrefu, sawia, kama mchirizi wa wino, mahali ambapo huoni mabaki ya salfaidi yoyote. Nayaona yanaingia akilini. Tatizo lake ni kwamba ni magumu kuyapinga kwa ushahidi: zinki iliyokuwa kwenye udongo na zinki iliyokuwa kwenye sfaleraiti, zikishaingia ganaiti, zinafanana kama maji ya visima viwili yaliyomiminwa mtungi mmoja.

Ndiyo maana nasema swali ligeuzwe. Tuulize salfa ilikwenda wapi.

Ikiwa ganaiti ilitoka kwenye sfaleraiti, kila kilo ya sfaleraiti iliyopotea iliacha theluthi ya kilo ya salfa bila makazi. Salfa si kitu kinachoyeyuka kimyakimya. Ina njia mbili kuu. Inaweza kuondoka na majimaji yanayopita mwambani, ikaenda mbali. Au inaweza kushika chuma cha madini ya jirani na kutengeneza pirotaiti. Hii ya pili ndiyo yenye ushahidi mkubwa, kwa sababu salfa inapochukua chuma kutoka kwa biotaiti, garneti au kodieraiti (madini mengine ya silika yenye magnesi na chuma), madini hayo hubaki na magnesi kwa wingi kuliko kawaida. Kwa hiyo kuzunguka mbale nyingi zilizopikwa, madini ya silika yaliyo karibu na salfaidi yana magnesi nyingi, na kadiri unavyoondoka chuma kinaongezeka. Alama hiyo hubaki kwenye mwamba hata kama sfaleraiti yote imekwisha. Mtu aliyepita na mzigo hakuonekana, lakini nyasi zimelala.

Mambo hayaishii kwenye salfa kutoka tu. Ipo njia nyingine ambayo hufanya kinyume. Sfaleraiti ikikutana na garneti ya chuma, na salfa zaidi ikaingia kutoka nje, salfa hula chuma cha garneti na kutengeneza pirotaiti, alumini ya garneti inaachwa wazi, na zinki inaichukua kutengeneza ganaiti. Kwatzi nayo hutoka. Katika njia hii ganaiti ni tunda la salfa kuongezeka. Nalisisitiza hili kwa kuwa maelezo mepesi ya ganaiti husema daima kwamba inaashiria upungufu wa salfa, na hiyo ni nusu ya habari. Jirani wa sfaleraiti alikuwa nani, silimanaiti au garneti? Jibu la hilo hugeuza maana ya punje nzima. Nadhani mabishano mengi ya miaka iliyopita yalitokana na watu wawili kushika ganaiti mbili zenye majirani tofauti na kila mmoja kudhani ya mwenzake ni kama yake.

Kuna ugumu mwingine ambao upande wa kwanza hauusemi kwa sauti ya kutosha. Mbale nyingi za salfaidi zina pairaiti, madini ya chuma yenye salfa nyingi kuliko pirotaiti. Pairaiti ikipashwa joto hugeuka pirotaiti na kutoa salfa. Kwa hiyo katikati ya mbale, wakati wa kupikwa, salfa haipungui. Pairaiti inaendelea kuimimina. Humo sfaleraiti ina amani na haina sababu ya kuivunja nyumba yake. Ni pembezoni, kwenye ukuta wa mwamba wenye alumini na chuma ambako salfa inanywewa haraka kuliko inavyoletwa, ndipo sfaleraiti inaposhindwa. Hili linaendana na mahali ganaiti inapoonekana zaidi: kwenye kuta, kwenye miamba ya kwatzi iliyo kando, kwenye kingo, na si ndani ya salfaidi nzito. Linaleta pia habari isiyofurahisha kwa mchimbaji. Zinki iliyoingia kwenye ganaiti haielei na mapovu ya kiwanda kama sfaleraiti, wala haiyeyuki kwa urahisi kwenye asidi. Vipimo vya maabara vikisema mwamba una zinki asilimia fulani bila kusema imo kwenye madini gani, sehemu ya namba hiyo inaweza kuwa zinki ambayo haitapatikana kamwe.

Punje zenyewe husema kidogo pia, ukizichunguza kwa subira. Sfaleraiti iliyofungwa ndani ya ganaiti huchukuliwa na wengi kuwa kauli ya mwisho: mama ndani ya mtoto. Naiheshimu lakini siitegemei peke yake, kwa kuwa ganaiti inayokua katika mwamba wenye sfaleraiti inaweza kuifunika hata kama zinki yake yenyewe ilitoka kwenye biotaiti. Ninaloliamini zaidi ni uwiano wa chuma na zinki ndani ya spineli, ukisomwa pamoja na uwepo wa pirotaiti. Mahali penye salfa nyingi chuma hunyang'anywa na salfaidi, na spineli inayobaki inakuwa na zinki zaidi. Mahali pasipo salfa, chuma hubaki na kuingia kwenye spineli kwa uhuru. Kiini na ukingo wa punje moja vikitofautiana, unasoma historia ya salfa kama unavyosoma pete za mti, ingawa wakati wa kupoa chuma na zinki huendelea kubadilishana na majirani na kuchafua maandishi ya ukingoni. Siku hizi watafiti hupima pia elementi zilizomo kwa uchache sana, kama kobalti na gali, ili kutenganisha ganaiti za mbale na zile za pegmataiti, miamba ya jamii ya itale ambayo nayo huzaa ganaiti bila uhusiano wowote na salfaidi. Ganaiti za pegmataiti huwa na magnesi kidogo mno, na hilo peke yake huokoa safari nyingi za bure.

Kuna uwanja mwingine ambamo mabishano haya yana madhara, ingawa wanaoutembelea ni wachache. Wanaochunguza miamba iliyopikwa kupita kiasi, juu ya nyuzi 900, hutumia jozi fulani za madini kama kipimajoto. Spineli ikigusana na kwatzi ni mojawapo, kwa sababu spineli ya magnesi au ya chuma haikai na kwatzi kwa urahisi katika joto la chini. Huungana na kutengeneza kodieraiti, garneti na silimanaiti. Lakini zinki huivuruga kanuni hiyo kabisa. Ganaiti hukaa na kwatzi kwa raha katika nyuzi 600, kama tulivyoona. Spineli yenye zinki kiasi tu iko mahali fulani kati, na chuma chenye chaji tatu pamoja na kromi huongeza utata huohuo. Kwa hiyo ripoti inayodai joto la nyuzi 950 kwa sababu tu spineli na kwatzi zimeonekana zikigusana, bila kutoa zinki iliyomo kwenye spineli hiyo, kwangu haijathibitisha kitu. Safiraini, madini ya magnesi, alumini na silika, ikigusana na kwatzi ni shahidi mwaminifu zaidi. Sisemi wanaodai joto hilo wamekosea. Wengi wana ushahidi mwingine wa kutosha. Nasema zinki ipimwe kwanza, kila mara, kwa kuwa inapimika.

Nikirudi kwenye pande mbili, sioni kwamba moja itaifuta nyingine. Njia ya sfaleraiti ni ya kweli na imeacha alama zake kwenye kuta za mbale nyingi. Njia ya staurolaiti ni ya kweli na imeacha viota vyake kwenye shisti zisizo na thamani ya uchimbaji. Njia ya mashapo yenye zinki isiyo na salfa nayo inawezekana, na mahali pengine huenda ndiyo kuu. Ninachokataa ni kuitumia ganaiti kama kidole kinachoonyesha mbale bila kuuliza mashahidi wengine waliosimama pale pale.

Niwekewe mezani sampuli mbili na kuulizwa pa kuchimba. Ya kwanza imejaa punje za kijani, asilimia tano au zaidi, katika kwatzi safi, hakuna pirotaiti, na biotaiti yake ina chuma kingi. Ya pili ina punje chache tu, lakini kando yake kuna pirotaiti, biotaiti imepauka kwa magnesi, na ganaiti inazidi kuwa na zinki kuelekea ukingoni. Watu wengi wangeikimbilia ya kwanza kwa wingi wa rangi yake. Ya kwanza inaniambia zinki ilikuwepo na imefungiwa mahali ambapo kiwanda hakiwezi kuifikia. Ya pili inaniambia salfa ilipita hapa ikitafuta chuma, ikitokea mahali ambapo ilikuwa nyingi. Ningelisogeza tobo la kwanza la kuchoronga upande ule magnesi inakozidi kupanda.